Ujumbe Ulioachwa Mlangoni

Aneth alikuwa na miaka kumi na miwili na alisoma darasa la sita katika shule ya msingi iliyokuwa Kasokola, nje kidogo ya mji wa Mpanda. Kila siku aliamka alfajiri, akaenda kusukuma bomba la maji, akarudi na ndoo kichwani, akafagia uwanja, akanywa uji na kwenda shule. Kwa kazi za mikono hakuna aliyeweza kumlaumu. Ndoo zake zilijaa pomoni na uwanjani kwake hakukubaki hata jani moja.

Tatizo lilikuwa mdomo. Ukimuuliza Aneth jambo, alikujibu kwa neno moja. Ukimuuliza mara ya pili, alivuta pumzi, akaangalia pembeni na kusema, "Si nimeshasema." Wenzake darasani walimbandika jina hilohilo, Nimeshasema, nalo hata halikumuudhi. Mwalimu wake wa darasa, Mwalimu Zefania, aliandika hivi kwenye taarifa yake ya maendeleo: "Ni hodari wa kusoma na kuandika. Ila kumuuliza kitu ni kama kumng'oa jino." Mama yake, Restituta, alipoisoma taarifa ile alicheka kwanza, kisha akaikunja. Alijua mwalimu hakukosea.

Ijumaa moja ya mwisho wa Novemba, baada ya mvua mbili kubwa kulainisha ardhi, Kasokola nzima ilikuwa katika pilikapilika za kupanda. Restituta alikuwa katika kikundi cha kina mama kumi na wawili waliolimiana kwa zamu. Leo wanapanda shamba la huyu, kesho la yule, mpaka wote wanamaliza. Mwenye shamba ndiye aliyepika chakula cha siku hiyo, na chakula chenyewe kilikuwa makande. Lakini hakuachiwa mzigo peke yake. Jioni ya kabla, wenzake walimpelekea mchango wa chungu: huyu bakuli la maharage, yule mahindi, mwingine chumvi au mafuta. Hakuna aliyeuliza nani kaleta kingi na nani kaleta kidogo.

Zamu ya Jumamosi ilikuwa ya Bibi Goreth, jirani yao wa ng'ambo ya shamba la mihogo. Bibi Goreth alikuwa mjane. Aliingia Tanzania akitokea Burundi mwaka 1972 akiwa mgongoni mwa mama yake, akakulia huku, akaolewa huku, akazaa na kuzika huku, na sasa alikuwa raia kama mtu mwingine yeyote. Kiswahili chake kilibaki na mahadhi ya Kirundi, na salamu zake hazikuwa za haraka. Alikuuliza wewe, akamuuliza mama yako, akauliza shule, akamalizia na kuku. Aneth aliona salamu hizo zinamchosha. Mara nyingi alizunguka njia ya nyuma ili asikutane nazo.

Mwaka huo dumuzi walikuwa wameingia kwenye mbegu za Bibi Goreth, wakazigeuza unga. Restituta akamwahidi kumgawia zake siku ya kupanda. Alikuwa amezichagua mbegu zile punje kwa punje na kuzichanganya na dawa ya vumbi ya kuua wadudu, tena kwa kipimo kikubwa kwa sababu hazikuwa za kuliwa. Alasiri ile akachota debe moja. Hakuwa na mfuko mwingine karibu, akazitia kwenye kiroba kitupu cha sembe na kukifunga kwa kamba ya katani.

"Aneth, peleka hiki kwa Bibi Goreth," alisema. "Mwambie ni mbegu ya kesho. Nimeitia dawa kali. Isisagwe, isipikwe, na aiweke juu watoto wasiifikie. Umesikia?"

Aneth alikuwa ameinama akifunga kamba za raba zake. Saa kumi kamili timu yao ya netiboli ilikuwa na mechi dhidi ya darasa la saba, na yeye ndiye mfungaji. Alikuwa amenuna tangu alipomwona mama yake akishika lile debe.

"Nimesikia," alisema.

"Nimesema nini?"

"Mama jamani, nimeshasikia."

Restituta alitaka amrudishe aurudie ujumbe neno kwa neno, lakini wakati huohuo mbuzi alikuwa amekata kamba na kuingia kwenye bustani ya mchicha. Akamkimbilia mbuzi. Aneth akajitwika kiroba na kuondoka kwa mwendo wa nusu kukimbia.

Alimkuta Bibi Goreth akitwanga kisamvu. Mjukuu wake, Upendo, mtoto wa miaka minne mwenye gauni la maua, alikuja mbio kumlaki.

"Karibu, mwana wanje," Bibi Goreth alisema, yaani mwanangu kwa Kirundi, akiweka mchi chini na kujifuta mikono kwenye kitenge ili apokee mzigo. "Nyumbani mmeshindaje? Mama hajambo? Na shule..."

Kwa desturi ya kwao Burundi, kitu hutolewa kwa mikono miwili na kupokelewa kwa mikono miwili, na Bibi Goreth alikwisha kuinyoosha yake. Aneth hakuitazama. Alikishusha kiroba mlangoni kwa mkono mmoja.

"Shikamoo. Mama kasema hiki hapa."

"Marahaba. Ni kitu gani, mwanangu?"

"Mahindi."

"Mahindi ya..."

"Mahindi tu, Bibi. Nimeshasema."

Alisema hayo akiwa amekwisha kugeuka. Aliposikia Bibi Goreth akimwambia nyuma yake, "Mpe mama asante sana," alipunga mkono bila kutazama. Mechi ile walishinda, na Aneth alifunga mabao tisa. Usiku alilala usingizi wa pono.

Asubuhi ya Jumamosi wanawake wa kikundi walifika shambani kwa Bibi Goreth na majembe yao begani. Watoto wao wakubwa walikuja kusaidia, Aneth akiwemo. Pembeni mwa shamba, juu ya mafiga matatu, chungu kikubwa cha makande kilikuwa kikichemka tangu alfajiri, na harufu ya maharage ilienea hadi barabarani. Onesphore, mtoto wa Bibi Goreth na baba yake Upendo, alikuwa ameegesha bodaboda yake karibu na hapo. Siku hiyo hakwenda mjini kutafuta abiria. Alikuja kuwavutia kina mama kamba ili mistari inyooke.

Walichimba mashimo huku wakitaniana. Mama mmoja Mfipa alimwambia mwenzake Msukuma kwamba mashimo yake ni makubwa kiasi cha kuzikia ng'ombe, naye akajibiwa kwamba Mfipa asiyefuga ng'ombe hawezi kujua ukubwa wa shimo la kumzikia. Watu wakacheka. Mistari kumi na minne ilipokuwa tayari, Restituta alinyoosha mgongo.

"Mama Onesphore," alimwita Bibi Goreth kwa jina la mwanawe, kama walivyozoea, "lete mbegu tuanze kufukia."

Bibi Goreth alitabasamu. "Si uko nazo wewe?"

"Mimi? Mbegu nilikuletea jana."

"Jana? Jana sikuona mbegu, Mama Aneth."

"Nilimtuma Aneth. Debe zima, kwenye kiroba cha sembe."

Tabasamu la Bibi Goreth lilibaki usoni kwa muda kidogo, kama kitu kilichosahauliwa hapo. Kisha likaondoka. Aligeuza shingo taratibu akatazama chungu kinachochemka.

"Yale yalikuwa mahindi," alisema kwa sauti ndogo. "Mchango wa chungu. Niliyaloweka usiku."

Jembe la mtu lilianguka chini na hakuna aliyeliangalia. Aneth alikuwa amesimama katikati ya mstari. Alisikia maharage yakitokota, akaona mvuke ukipanda, na akaelewa yote kwa mara moja. Wanawake kumi na wawili na watoto wao walikuwa wamebakiza nusu saa tu kabla ya kuketi na kula sumu.

Restituta alikuwa wa kwanza kusogea. Alikimbia hadi kwenye mafiga, akavuta kuni na kusimama mbele ya chungu kama mtu anayezuia mlango. "Mtu yeyote asiguse. Mbegu ile nimeitia dawa ya wadudu. Nani amekula? Semeni, nani amekula?"

Watu walitazamana. Hakuna aliyekuwa amekula, wakaanza kushusha pumzi. Ndipo Bibi Goreth alipojishika kichwa.

"Mana yanje," alisema. Mungu wangu. "Upendo. Alilia njaa, saa mbili na nusu hivi nikampakulia kibakuli yalipoanza kuiva."

Wote waligeuka. Upendo alikuwa ameketi juu ya kitenge kivulini, mahali alipokuwa akicheza tangu asubuhi. Hakuwa akicheza tena. Udenda ulikuwa ukimtiririka kidevuni, gauni lake la maua lilikuwa limeloa matapishi, na macho yake yaliwatazama bila kuwaona vizuri. Kibakuli kilikuwa pembeni yake, kitupu.

Onesphore alikimbia akamnyanyua mwanawe. Bibi Goreth akawa anazunguka akisema kwa Kirundi na Kiswahili mchanganyiko kwamba aliyaosha, aliyaosha mara mbili, alisikia harufu kidogo akadhani ni ya kiroba.

"Lakini Restituta, wewe si ulituma ujumbe?" mama mmoja aliuliza.

"Niliutuma."

"Basi labda hakuelewa. Si unajua Kiswahili cha mama huyu." Wanawake wawili watatu waliitikia kwa vichwa, bila ubaya wowote, kama watu waliopata jibu jepesi.

Bibi Goreth aliyasikia. Hakubisha. Aliinamisha uso, na pengine alianza kuamini mwenyewe kwamba kosa lilikuwa la masikio yake.

Restituta alimgeukia binti yake. "Aneth. Ulimwambia nini Bibi?"

Njia ya kutokea ilikuwa wazi mbele ya Aneth. Angesema tu, "Nilimwambia yote, Mama," na watu wote pale wangemwamini yeye. Mzee wa watu angebeba lawama maisha yake yote, na Aneth angebaki mtoto hodari wa ndoo na uwanja. Neno moja lingetosha, na yeye alikuwa bingwa wa neno moja. Alimtazama Upendo mikononi mwa baba yake. Aliona aibu kali, lakini safari hii hakuangalia pembeni.

"Sikumwambia," alisema. "Bibi aliniuliza mara mbili. Nilimjibu ni mahindi, nikaondoka. Hakukosea kuelewa. Sikumwambia kabisa."

Restituta alifumba macho, akayafumbua. "Pakiti ya dawa iko nyumbani, imechomekwa kwenye paa la jikoni. Kimbia ukailete, ukutane na Onesphore barabarani. Utapanda naye hadi zahanati. Mimi ni mzito, pikipiki haitatubeba wote kwenye mchanga. Wewe unajua ulichopeleka na lini. Wewe ndiye utakayemweleza nesi."

"Mimi, Mama?"

"Wewe."

Aneth hakumbuki alivyofika nyumbani. Anakumbuka tu mwiba uliomwingia mguuni bila kumuuma, na pakiti ya manjano mkononi, na barabara. Alipofika njia panda, pikipiki ilikuwa imesimama. Bibi Goreth alikuwa ameketi nyuma ya mwanawe akiwa amempakata Upendo, na mama mmoja aliyewafuata mbio alikuwa akijaribu kumtia mtoto kidole mdomoni.

"Tumtapishe," mama yule alikuwa akisema. "Sumu yote itoke."

Aneth aliigeuza pakiti. Nyuma yake kulikuwa na maandishi madogo ambayo hakuna mtu nyumbani aliyewahi kujisumbua kuyasoma. Aliyapitisha macho, akapata alichotaka.

"Hapana, subirini," alisema. Sauti yake haikutoka vizuri. Akarudia kwa nguvu. "Subiri, mama. Imeandikwa hapa: Ikimezwa, usimtapishe mgonjwa. Mpeleke kituo cha afya mara moja, uende na pakiti hii."

Mama yule alitoa kidole. Aneth akapanda nyuma ya Bibi Goreth, wakabanana mshikaki, na Onesphore akaiwasha pikipiki. Njiani Aneth aliutazama mgongo wa Bibi Goreth mbele yake na akatamani kusema samahani, lakini hakujua aanzie wapi.

Zahanati ilikuwa na mstari mrefu wa kina mama wenye watoto wa homa. Nesi Romana, mwanamke mnene mwenye miwani shingoni, alimwona Upendo akaacha alichokuwa akifanya. Alimlaza kitandani, akamwangalia macho na kumshika kifua.

"Homa imeanza lini?" aliuliza.

Onesphore hakumsikia, alikuwa ameinama akimwita mtoto kwa jina. Bibi Goreth alikuwa akilia. Nesi akamgeukia Aneth. "Wewe binti, mtoto kafanya nini?"

"Kala mahindi," Aneth alisema.

"Mahindi hayamfanyi mtu hivi. Nieleze."

Aneth alishtuka kana kwamba mtu amempiga kofi. Neno lilikuwa lilelile. Jana aliliacha mlangoni na leo lilikuwa limemtangulia hadi hapa, likisimama kati ya Upendo na dawa. Nesi alikuwa amekwisha kunyoosha mkono kuchukua kipimo cha malaria. Aneth alivuta pumzi, si ile ya kuchoka na watu, akasimama wima na kumtazama nesi machoni.

"Nesi, si homa. Kala makande ya mahindi ya mbegu. Mbegu ilitiwa dawa ya kuua wadudu, na pakiti yake ni hii hapa. Kala kibakuli kimoja leo asubuhi, yapata saa mbili na nusu. Mahindi yalioshwa mara mbili na kulowekwa usiku kucha kabla ya kupikwa. Ametapika mwenyewe, hatukumtapisha. Udenda unamtoka na haoni vizuri. Watu wengine hawajala."

Alikuwa hajawahi kusema maneno mengi hivyo kwa mpigo. Nesi Romana alivaa miwani, akaisoma pakiti mbele na nyuma, na uso wake ukabadilika. Kipimo cha malaria akakirudisha mezani.

"Mvueni nguo hizo zote, tumwoshe," alimwambia msaidizi wake. "Halafu piga simu hospitali, waambie waandae gari na wajue ni sumu ya wadudu. Wasomee jina hili kama lilivyo."

Yaliyofuata Aneth aliyaona kupitia mlango ulioachwa wazi nusu. Upendo alioshwa, akachomwa sindano, akawekewa mpira wa dripu kwenye mkono mdogo uliokuwa umelegea. Gari la wagonjwa lilikuja likampeleka mjini pamoja na baba yake. Restituta alifika kwa miguu, jasho likimtoka na vumbi hadi magotini, akakuta gari limeondoka. Bibi Goreth alikuwa kwenye benchi peke yake. Aneth alikuwa amesimama kando, hathubutu kuketi.

"Ataishi?" Restituta aliuliza.

"Bado sijui," nesi alijibu. "Lakini nikwambie ukweli, mama. Watoto kumi na saba wameletwa hapa leo, na wengi wana malaria. Kama binti yako asingenieleza, na huyu ningemtibu malaria kwanza. Ningepoteza saa nzima, na huyu mtoto hakuwa na saa nzima."

Aneth alianza kulia pale. "Mimi ndiye niliyemlisha sumu, nesi."

Nesi Romana alivua miwani. Hakumbembeleza na hakumkaripia. "Nimesikia. Wazee husema mjumbe hauawi. Ni kweli, lakini mjumbe akiumeza ujumbe, yeye anaweza kuua. Jana uliumeza. Leo umeutoa wote, tena kwa mpangilio. Kumbuka siku zote mbili."

Siku mbili nzima Kasokola iliishi kwa simu ya Restituta. Kila ilipolia, Aneth aliacha alichoshika. Makande yalifukiwa kwenye shimo refu mbali na kisima, chungu kikavunjwa kikafukiwa nacho. Restituta aligawa mbegu nyingine, na kikundi kikamaliza shamba la Bibi Goreth kimyakimya, bila utani. Jumapili usiku Aneth hakula. Aliota kibakuli kitupu.

Jumatatu jioni simu ililia. Alikuwa Onesphore. Restituta alisikiliza, akaketi chini palepale kwenye vumbi la uwanja alioufagia Aneth asubuhi.

"Ameomba chai," alisema. "Amekula mkate na anauliza kitenge chake cha kuchezea kiko wapi."

Aneth alicheka na kulia kwa pamoja. Kisha akafuta uso na kusema, "Mama, naenda kwa Bibi."

Safari hii hakuzunguka njia ya nyuma. Alimkuta Bibi Goreth amekwisha kupata habari, ameketi kizingitini akitazama barabara. Mlango ulikuwa uleule.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwana wanje. Nyumbani mmeshindaje? Mama hajambo?"

"Hajambo. Alikuwa na hofu, sasa amepona. Shule nimekwenda lakini sikusikia lolote. Kuku wetu wawili wanatotoa." Bibi Goreth aliinua macho kumtazama. Aneth akapiga magoti. "Bibi, Ijumaa ulininyooshea mikono nikaweka mzigo chini. Ukaniuliza nikakujibu vibaya. Nilikuwa nawahi mpira. Na Jumamosi watu waliposema hukuelewa, ulikaa kimya, wakati kosa lilikuwa langu. Naomba unisamehe."

Bibi Goreth alirudisha macho barabarani. Restituta, aliyekuwa amemfuata binti yake kwa mbali, alisimama uwanjani akasikiliza.

"Nilikasirika," Bibi Goreth alisema mwishowe. "Sitakudanganya. Usiku wa Jumamosi nilisema mtoto huyu asikanyage tena hapa. Halafu nikakumbuka ulivyosimama shambani ukasema, Hakukosea kuelewa. Miaka yote hii hapa, mtu akinisikia vibaya, husema ni Kiswahili changu. Wewe peke yako ulisema si Kiswahili changu. Nimekusamehe."

Restituta alisogea. "Hata mimi nina langu, Mama Onesphore. Niliweka sumu kwenye mfuko wa chakula bila kuandika kitu. Nikamtuma mtoto aliyenuna, nikamwachia aende kabla hajaurudia ujumbe, kwa sababu ya mbuzi. Kosa hili tumelibeba wawili."

"Basi sikilizeni wote wawili," Bibi Goreth alisema, na kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi kulikuwa na utani kidogo katika sauti yake. "Kwetu mtu hatupi kitu mlangoni. Anakishika kwa mikono miwili mpaka mwenzake akishike kwa mikono miwili. Mzigo ukianguka, uanguke mbele ya macho ya wote. Ujumbe nao ni hivyohivyo. Usiuachie mpaka umeona mwenzako ameupata. Na ukienda umenuna, mikono inakuwa imefungwa tayari, utampa mtu nini?"

Aneth alilishika neno hilo. Darasani waliendelea kumwita Nimeshasema kwa wiki kadhaa, mpaka jina likawachosha wenyewe, kwa sababu kila mtu alipomuuliza jambo alijibiwa mpaka akaelewa, wakati mwingine kupita alivyotaka. Restituta naye akanunua kalamu ya wino mzito, na tangu siku hiyo hakuna mfuko wa mbegu uliotoka kwake bila maandishi makubwa: MBEGU. INA DAWA. ISILIWE.

Wiki tatu baadaye, mahindi ya Bibi Goreth yakiwa yamefika magotini, Aneth alikuwa akifagia uwanja aliposikia hatua ndogo. Alikuwa Upendo, amekonda kidogo lakini macho yake yamerudi. Alikuja polepole sana, amekumbatia kikopo kwa mikono yote miwili. Aneth akaacha ufagio, akachuchumaa na kunyoosha mikono yake miwili kukipokea. Upendo hakukitoa. Alimkazia macho kwanza.

"Bibi kasema hii ni chumvi," alisema. "Ni ya mama yako. Ni ya kupikia. Haina dawa. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Nimesema nini?"

Mlangoni, Restituta aliziba mdomo kwa kanga. Aneth akaurudia ujumbe wote, neno kwa neno, na ndipo Upendo akaachia kikopo.

"Umemwona mwalimu wako, Aneth?" Restituta alisema, akishuka uwanjani kumnyanyua Upendo. "Mtoto wa miaka minne amejua kwamba ujumbe haujafika mpaka umepokelewa. Sisi wakubwa nusura tulijue hilo kaburini kwake. Ingia ndani, tumpikie uji."